Fomu isipange namba ya rekodi

Julai, msimu wa kahawa umeanza, karani wa chama cha msingi kimoja huku juu ya Moshi akanipigia simu: mkulima mpya hasajiliki. Kila akibonyeza "Hifadhi" mfumo unagoma, na foleni kwenye mizani inazidi kurefuka. Mfumo ule niliuandika mimi.

Wiki moja kabla nilikuwa nimeingiza wakulima 412 kutoka faili la Excel. Faili lilikuwa na kolamu iitwayo id, namba za mistari tu za daftari la zamani. Kwenye Eloquent, maktaba ya Laravel (zana ya kujengea mifumo ya wavuti kwa PHP) ya kuwasiliana na kanzidata, nilikuwa nimeandika $guarded = [], yaani hakuna kolamu iliyozuiwa, ili nisitaje kolamu moja moja. Basi create(), inayounda rekodi mpya, ikapokea kila ilichopewa, ukiwemo ufunguo msingi: id, namba inayotambulisha kila rekodi.

PostgreSQL, kanzidata yenyewe, nayo ilikubali. Kolamu ya serial, inayojipangia namba kwa kaunta, hutoa namba pale tu usipoipa. Ukiipa, inahifadhi ya kwako na kaunta yake haisogei. Wakulima 412 walikuwa ndani, kaunta bado iko mwanzo. Mtu mpya akapewa namba 1, ambayo ina mwenyewe. Jaribio likishindwa kaunta hairudi nyuma, kwa hiyo karani angefanikiwa mara ya 413. Nilisogeza kaunta kwa setval hadi kwenye id kubwa kuliko zote, foleni ikaenda.

Usifungue mlango huu wa kupokea kila kolamu iliyoletwa. Mwaka 2012 Egor Homakov alionyesha hatari yake kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo iliyojengwa kwa Rails (zana kama Laravel, ya lugha ya Ruby): aliongeza user_id ya mtu mwingine kwenye fomu ya ufunguo wake wa SSH (wa kuingilia kwa usalama), na mfumo ukampa ruhusa isiyo yake.

Siku hizi naandika $fillable na kutaja kolamu ninazozikubali tu, id haimo. Namba ya daftari ina kolamu yake, namba_ya_mwanachama, yenye sharti la unique (namba isijirudie), maana hiyo ndiyo wakulima wanayoijua. Kwa kuwa forceCreate() huruka ulinzi wa $fillable, naweka kizuizi ndani ya kanzidata pia: tangu PostgreSQL 10 kuna GENERATED ALWAYS AS IDENTITY, inayokataa id iliyoletwa kutoka nje isipokuwa uandike wazi OVERRIDING SYSTEM VALUE.

Mnaotumia Django, zana kama hiyo ya lugha ya Python, ninyi angalieni zaidi. Ukiunda rekodi mpya yenye id iliyokwisha kuwepo kisha ukaita save(), haigomi. Inaandika juu ya rekodi ya zamani, na mkulima namba 37 anapotea bila mtu kuona kosa lolote kwenye skrini.