Mama anaanguka usiku akienda msalani

SWALI: Mama yetu ana miaka 76. Ndani ya miezi miwili ameanguka mara mbili, zote usiku akienda msalani. Hakuvunjika, lakini sasa hata mchana anaogopa kutembea. Tumemnunulia fimbo na kutandika zulia dogo mlangoni pa choo. Tuongeze nini?

JIBU: Kwanza punguzeni: hilo zulia liondoke leo. Linateleza, na ukingo uliojikunja hunasa vidole vya mtu asiyeinua mguu vizuri.

Safari ya kuanguka usiku mara nyingi huanzia kitandani. Mzee akiinuka ghafla damu hubaki miguuni, presha inashuka, kizunguzungu kinampata hatua ya tatu au ya nne. Mpimeni: alale chali dakika 5, pimeni presha, asimame mtu akiwa karibu naye, pimeni tena baada ya dakika 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, pelekeni vipimo hivyo kwa daktari pamoja na dawa zake zote, hata zile za kujinunulia. Ulizieni hasa za presha, za usingizi na za kukojosha. Msimkatishie wenyewe.

Wakati huohuo, akiamka akae kwanza ukingoni mwa kitanda, nyayo zikiwa sakafuni, ainue na kushusha visigino kwa dakika moja au mbili. Ndipo asimame, ashike kitu, atulie kidogo. Taa aiwashe kabla ya kuinuka, kwa hiyo swichi iwe mahali mkono unapofika akiwa bado amelala.

Chooni fungeni chuma cha kushikilia, skrubu ziingie kwenye zege au tofali, si kwenye plasta tupu. Chuma cha taulo hakifai: kimetengenezwa kubeba taulo, na mtu anayeanguka hung'oka nacho.

Fimbo nayo ina kipimo. Avae viatu vyake, asimame wima, mikono ining'inie. Mpini ufike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, pale saa inapofungwa. Aishike upande wa mguu wenye nguvu (wengi hufanya kinyume). Raba ya chini ikilika, ibadilishwe.

Kuhusu hofu: akishinda amekaa, mapaja yanazidi kulegea. Kiti kigumu kiegemezwe ukutani, asimame na kukaa mara 5, apumzike, arudie, kila siku, mtu akiwa pembeni.

SWALI: Akianguka tena, tumwinueje?

JIBU: Msimvute kwa mikono wala kwapa. Nyonga ikimuuma, mguu ukionekana mfupi au umegeukia nje, au akiwa amegonga kichwa, msimsogeze. Iteni msaada wa hospitali. Akiwa salama, ageuke ubavu, apige magoti na viganja, atambae hadi kwenye kiti, aweke viganja juu yake, mguu wenye nguvu utangulie, ajisukume. Nyinyi shikilieni kiti hicho, na kingine kisogezwe nyuma yake akalie.