Uliyekuwa Ukimlilia Addis Ababa

Göteborg, Novemba 2025

Mwanangu mpendwa,

Swali lako la Jumapili sikulijibu vizuri. Ulikuwa umeiona ile video fupi aliyoichukua baba yako katika nyumba ya wageni kule Addis Ababa, Septemba 2007, ambamo umekaa kitandani ukilia huku umeukazia macho mlango, ukaniuliza: "Mama, pale nilikuwa namlilia nani, na niliacha lini?" Nikasema ulikuwa na njaa, kisha nikaanza kutoa vyombo mezani. Haikuwa njaa. Nakuandikia kwa sababu yapo mambo ambayo ukinitazama usoni siwezi kuyasema mpaka mwisho, na kwa sababu tangu mwezi Juni, tume ya serikali iliyoongozwa na Anna Singer ilipopendekeza Uswidi iache kuasili watoto kutoka nchi za nje, naona unasoma kila kinachoandikwa, nami sipendi uyajue ya watoto wengine wote kabla hujayajua ya kwako.

Nianze na ukimya, maana ndio uliotangulia. Mahakama ya Addis Ababa ilikuwa imekwisha kututambua kuwa wazazi wako kabla hatujakutia machoni. Ndivyo mambo yalivyokwenda miaka ile, kabla Ethiopia haijawapiga marufuku wageni kuasili watoto wake mwaka 2018. Kwa hiyo hapakuwa na siku za kuzoeana. Mlezi mmoja wa kituo cha watoto ulikokuwa ukilelewa, mwanamke mfupi mwenye kitambaa cha kijani kichwani, alitoka nawe mgongoni, akakufungua, akakuweka mikononi mwangu, akampa baba yako karatasi iliyokunjwa, akarudi ndani upesi bila kugeuka nyuma. Ulikuwa na miezi saba. Hukulia, wala siku tatu zilizofuata hukulia: ulikunywa maziwa, ulibadilishwa nepi, ulilazwa, ukabaki kutazama dari. Wageni wenzetu walitupongeza kwa kupata mtoto mtulivu, nami nikajivuna, Mungu anisamehe, ingawa kozi ya wazazi, ambayo sheria ya Uswidi ilikuwa imeifanya ya lazima tangu 2005 kwa wote wanaotaka kuasili, ilituonya juu ya jambo hilohilo. Mwalimu wetu alitueleza kazi ya John Bowlby, daktari Mwingereza wa magonjwa ya akili, aliyesema kwamba mtoto akitenganishwa na mtu aliyemzoea huanza kwa kulalamika, baadaye hukata tamaa, na mwisho hujifungia ndani kama asiyemhitaji mtu yeyote. Alituambia pia kwamba mtoto wa miezi saba amekwisha kumchagua mtu wake. Hayo yote niliyaandika kwenye daftari, na nilipoyaona kwa macho nikayaita utulivu.

Ile karatasi ilikuwa na namba nne kwa wino wa buluu, 2, 5, 9 na 12, na chini yake mistari miwili ya Kiamhari. Siku ya kwanza nililala na kichwa kilichokuwa kikinigonga, kwa kuwa Addis Ababa iko juu sana, zaidi ya mita 2,300, na mimi ni mtu wa Tanga niliyezoea kupumua hewa ya usawa wa bahari. Hivyo baba yako akaichukua kazi ya maziwa peke yake. Akasoma 2 kwa saa za Kizungu, akaweka kengele ya kumwamsha saa nane usiku, akakuamsha usingizini akikubembeleza unyonye chupa usiyoitaka, na saa mbili asubuhi, ulipoitaka kweli, akasema bado muda. Niliposhika karatasi ile asubuhi ya pili nilicheka mpaka kichwa kikazidi kuuma. Wahabeshi huhesabu saa kama sisi, kuanzia jua linapochomoza, na katika nchi ambayo sikujua hata neno la kuombea maji, saa zilikuwa za nyumbani kwetu. (Miaka si ya nyumbani hata kidogo: hati yako ya kwanza, kwa kalenda yao, inasema ulizaliwa mwaka 1999, na karani mmoja wa hapa aliniuliza kwa upole mtoto wa miaka minane yuko wapi.) Tukazirekebisha saa. Mistari miwili ya chini hatukumwomba mtu yeyote atusomee. Sina udhuru, tulidhani ni majina ya dawa au ya aina ya maziwa.

Usiku wa nne ulikuwa mkesha wa mwaka wao 2000, ambao kwetu ulikuwa Septemba 2007, na mji mzima ulikuwa macho. Mpishi wa nyumba ya wageni alikuwa ametandaza majani mabichi sakafuni na kukaanga kahawa, na moshi wake ukapanda ngazi hadi chumbani kwetu. Naamini ni ule moshi. Uligeuza kichwa, ukautazama mlango, ukalia kilio ambacho sijawahi kukisikia tena kwa mtoto yeyote, si cha hasira wala cha maumivu, bali cha mtu anayeita na kunyamaza kidogo asikilize kama ameitikiwa, kisha akaita tena. Baba yako aliwasha kamera kwa furaha, kwa kuwa alikumbuka kozi na akajua kwamba kilio ni afadhali kuliko ule ukimya, usimlaumu. Mimi nilikupakata, nikakuimbia, nikakufunga mgongoni kwa kanga yangu mpya iliyokuwa bado na wanga wa dukani, nawe ukajipinda kama samaki na kunisukuma kwa mikono yote miwili.

Ndipo mpishi akaingia. Ukiisikiliza video ile hadi sekunde zake za mwisho utasikia sauti ya mwanamke ikisema "ayzosh, ayzosh", neno ambalo Wahabeshi humwambia mtoto wa kike, au mwanamke yeyote aliyepatwa na jambo, na ambalo ndani yake mna pole na jikaze na usiogope kwa pamoja. Umeishi ukidhani ni mimi, nami nimekuacha udhani hivyo. Aliniomba kwa ishara akuchukue, akakutupia mgongoni kwa netela yake, ile shuka nyeupe nyepesi ya pamba, iliyokuwa ikinuka moshi, kahawa na siagi ya nywele, na kabla hajafika mwisho wa ujia ulikuwa umelala. Nilisimama na kanga yangu mkononi. Niliona wivu, mwanangu, wivu wa kweli, na chini ya wivu huo nilijiona mwizi. Kisha nikampa ile karatasi. Aliisoma, akanitazama kwa muda, akanitafsiria kwa Kiingereza cha kuokoteza: "Hulala mgongoni. Akiamka humtafuta mtu kwanza, maziwa baadaye."

Basi uliyekuwa ukimlilia ni yule wa kitambaa cha kijani. Mama aliyekuzaa alikuwa ametoka maishani mwako ukiwa na wiki chache tu, nawe wayajua yaliyomo kwenye jalada lako. Lakini mgongo uliouita usiku ule ulikuwa wa mlezi huyu, aliyejua saa zako na mahali pako pa kulala, na aliyeingia ndani bila kugeuka kwa sababu ambayo nilihitaji siku nne kuielewa. Tulishauriwa tusikurudishe kituoni hata kwa kuaga, eti utachanganyikiwa. Tulitii. Leo nisingetii.

Mpishi aliniuzia netela yake kwa bei ya kutupa, nikaivaa usiku na mchana bila kuifua, na nikajifunza kusema ayzosh kwa lafudhi iliyowachekesha watu wote wa jikoni. Siku ya tisa au ya kumi, ofisini tulikokwenda kushughulikia hati yako ya kusafiria, mama mmoja alinyosha mikono akupokee, nawe ukageuza uso na kuuficha shingoni kwangu. Hukunikumbatia, uliniegemea tu kama mtu anavyojibanza nyuma ya ukuta mvua ikinyesha. Nikasahau sahihi yangu inawekwa wapi.

Hapa Göteborg ulilia majira yote ya baridi. Zile siku 480 za likizo ya wazazi tuligawana na baba yako, na Novemba, giza likiingia saa kumi alasiri, nilitembea nawe kutoka jikoni hadi sebuleni mgongo ukiniuma, netela ikiwa juu ya sweta, nikihesabu hatua kwa Kiswahili. Baba yako alijifunza kukubeba pia, ingawa alifunga fundo kama anayefunga mashua. Uliendelea kuamka saa nane usiku, ile saa ileile aliyokosea yeye, na kila mara ulitazama mlango kwanza, kisha sisi.

Uliacha lini? Usiku wa kwanza uliopita bila kilio siujui tarehe yake. Nililala fofofo hadi asubuhi.

Mama yako