Madai ya bima kubwa hufia kwenye fomu

Mtu akinyimwa fidia ya bima kubwa ya gari (ile inayolipia hata gari la mwenye bima), hulaumu yaliyotokea siku ya ajali. Fungua faili lake uone: mara nyingi tatizo lilianza miezi kadhaa nyuma, pale wakala alipojaza fomu ya maombi harakaharaka na mteja akatia saini bila kusoma. Saini ile ni yako, si ya wakala, na kila jibu lililomo humo linahesabiwa kuwa umelisema wewe.

Sheria ya bima inadai uwazi kuliko biashara ya kawaida. Gari unalijua wewe, kampuni hailijui. Kwa hiyo unawajibika kutaja kila jambo ambalo lingeifanya ipandishe ada au ikatae kabisa. Wengi hujikwaa kwenye matumizi: fomu inasema "binafsi", kumbe jioni gari linabeba abiria wanaoita kwa simu. Siku likigongwa lina abiria ndani, kampuni haitauliza nani mwenye kosa. Itaanza na neno lile "binafsi". Taja pia madai uliyowahi kupeleka kampuni nyingine na madereva wengine watakaoliendesha. Ukifunga mfumo wa gesi katikati ya mwaka, peleka taarifa ya maandishi. (Wajibu huu ni wa pande mbili. Kesi ya mwaka 1766 ya Uingereza, Carter dhidi ya Boehm, inayonukuliwa kila mara kuwabana wateja, kwa kweli mtoa bima ndiye aliyeshindwa: jambo alilolalamikia kufichwa alipaswa kulijua mwenyewe.)

Suala la jina nalo husumbua sana wanaonunua magari mtaani. Muuzaji anakuambia, "Stika bado ina miezi saba, usihangaike." Bima haihami pamoja na gari. Ni mkataba wa kampuni na mtu fulani, na yule akishauza hana tena cha kupoteza gari likiungua, ilhali wewe uliye na cha kupoteza hujatajwa kwenye mkataba. Badilisha umiliki Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), kisha ama kampuni ikubali kwa maandishi kukuingiza, ama ukate bima yako mpya. Stika yoyote unayopewa, ihakiki kwenye TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), kabla hujaondoka. Za kughushi zipo.

Thamani ndiyo inayoumiza kimyakimya. Tuseme gari lina thamani ya shilingi milioni 30, nawe ukaliandikisha milioni 18 ili ada ipungue. Kwa kiwango cha asilimia 3.5, umelipa 630,000 badala ya 1,050,000, yaani umeokoa 420,000. Ikija ajali ya matengenezo ya milioni 5, na mkataba una kipengele cha uwiano, kampuni inasema: umekata bima ya asilimia 60 tu, basi chukua asilimia 60. Unapata milioni 3, tena kabla ya kukatwa sehemu ambayo mkataba unakutaka uibebe mwenyewe. Kuandikisha juu ya thamani nako hakusaidii. Ukiandika milioni 40 kwa gari hilohilo, likiteketea utalipwa thamani yake halisi, kwa sababu fidia hukurudisha ulipokuwa, haikupi faida. Kumbuka pia kwamba ukilipwa gari zima, mabaki ni ya kampuni, isipokuwa mkubaliane ubaki nayo wewe na yakatwe kwenye malipo.

Ajali ikitokea, piga picha magari yakiwa bado hapo yalipo, namba zote zionekane, kisha ita trafiki. Majeruhi wachukue PF3, fomu ya polisi ya matibabu. Kampuni itataka ripoti ya polisi, mchoro wa tukio, ripoti ya ukaguzi wa gari, na nakala za leseni na kadi ya gari. Taarifa ipeleke kwa maandishi siku ileile au kesho yake. Mkataba una ukomo wa siku. Usipeleke gari kwa fundi kabla mkadiria hasara hajaliona, maana kilichokwisha kunyooshwa hakiwezi kukadiriwa.

Na yule aliyekugonga akisema, "Tumalizane hapahapa, chukua laki tatu," usikubali kama unakusudia kudai bima. Kampuni ikishakulipa, inarithi haki yako ya kumdai aliyesababisha. Ukimsamehe au kumwandikia karatasi kwamba humdai, umeiuza haki hiyo, na kampuni inaweza kukataa kukulipa. Wala usikiri kosa barabarani, hata kwa upole wa "samahani, nimekosa mimi".

Kabla ya kusaini hati ya malipo, omba mchanganuo wa hesabu: makadirio ni kiasi gani, kimekatwa nini, kwa kipengele kipi. Hati hizo huandikwa kwamba umepokea malipo "kamili na ya mwisho", na ukishasaini ni vigumu kurudi.

Ukikataliwa, dai barua yenye namba ya kipengele kilichotumika. Jibu la simu halina uzito. Malalamiko yanapelekwa TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Ambatanisha barua hiyo, mkataba wote pamoja na masharti yake, risiti ya ada, na nakala ya ile fomu ya maombi. Iombe siku unayosaini, au ipige picha kwa simu kurasa zote kabla wakala hajaondoka nayo.