Maswali ya Wasomaji: Kati ya GPA ya 4.5 na uzoefu wa SACCOS, nimwajiri nani?

SWALI: Mimi ni mama mfanyabiashara, nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Moshi, upande wa Kiboriloni. Hesabu nimekuwa nikizifanya mwenyewe, lakini biashara imekua, wateja wanalipa kwa njia mbalimbali, mafundi wanachukua mzigo kwa mali kauli, na ritani za VAT zimeanza kunishinda. Nimetangaza nafasi ya mhasibu, na baada ya kuchambua barua nimebakiwa na waombaji wawili. Wa kwanza ni kijana mwenye shahada ya uhasibu na GPA, yaani wastani wa alama za chuo, ya 4.5 kati ya 5.0, amehitimu mwaka jana na hajawahi kuajiriwa. Wa pili ni binti mwenye stashahada ya ufaulu wa kawaida, ambaye amefanya kazi miaka minne katika SACCOS. Mwanangu wa kwanza, ambaye ndiye msomi wa familia, anasema nisipoteze muda, nichukue GPA kubwa. Mdogo wangu aliyeko Arusha anasema vyeti vya siku hizi ni karatasi tu, na anataka nimchukue mtoto wa shangazi yetu, ambaye hata hiyo kazi hakuiomba. Je, ni kweli alama za darasani zinaonyesha nani ataiweza kazi? – Mama mwenye duka, Moshi

JIBU: Mama, suala hili limechunguzwa na wataalamu kwa takriban karne nzima, kwa hiyo si lazima uliamue kwa kuangalia nani kati ya mwanao na mdogo wako anasema kwa sauti kubwa zaidi. Alama zinaeleza jambo fulani kuhusu mwombaji, lakini si jambo kubwa kama mwanao anavyodhani, na wala si bure kama mdogo wako anavyodai.

Watafiti hupima uhusiano wa namna hii kwa namba inayoanzia 0, yaani hakuna uhusiano wowote, hadi 1, yaani ukijua kimoja umekijua na cha pili. Mwaka 1996 Philip Roth na wenzake nchini Marekani walikusanya pamoja tafiti nyingi zilizolinganisha alama za chuoni na utendaji kazini, na uhusiano walioukuta ulikuwa 0.16. Walipofanya masahihisho ya kitakwimu, kwa sababu wenye alama za chini mara nyingi hawaajiriwi na hivyo hawaingii kwenye vipimo, namba hiyo ilipanda hadi kwenye 0.3 na kidogo. Hiyo si haba, lakini bado sehemu kubwa ya tofauti kati ya mfanyakazi mmoja na mwingine inatokana na mambo ambayo cheti hakiyaonyeshi. Jambo lenye manufaa zaidi kwako ni kwamba uhusiano huo ulikuwa na nguvu katika mwaka wa kwanza baada ya kuhitimu, kisha ukawa unafifia kadiri miaka ilivyopita. Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa masuala ya wafanyakazi katika kampuni ya Google, alieleza jambo linalofanana na hilo mwaka 2013: kwamba katika takwimu zao GPA haikuwa na maana katika kuajiri, isipokuwa kwa wale waliotoka chuoni karibuni.

Kwa hiyo, kwa kijana wako aliyehitimu mwaka jana, ile 4.5 bado ina uzito. Inaonyesha kwamba anajifunza haraka, anatimiza wajibu kwa wakati na anaweza kukaa na jambo gumu mpaka alielewe. Haionyeshi kama atathubutu kumwambia fundi aliyezoeana nawe kwamba deni lake limepita muda, wala kama atakuambia mapema pale fedha zinapopungua.

Na huyo binti? Hapa nakuomba usije ukaruka majivu ukakanyaga moto. Miaka ya uzoefu nayo, ikihesabiwa kama miaka tu, ni kipimo dhaifu. Frank Schmidt na John Hunter, waliopitia tafiti za miaka 85 na kuchapisha matokeo mwaka 1998, walikuta uhusiano wa 0.18 kwa miaka ya uzoefu na 0.10 kwa miaka ya shule. Mtu anaweza kukaa miaka minne katika ofisi moja akirudia kazi ileile ya kupokea marejesho ya mikopo na kuandika stakabadhi, bila kugusa kamwe taarifa ya benki. Muulize alikuwa akifanya nini hasa na kwa nini ameondoka, kisha, kwa ridhaa yake, uwaulize na waliomsimamia.

Kipimo kilichofanya vizuri katika tafiti hizo ni kumwona mwombaji akifanya sehemu ya kazi yenyewe, pamoja na usaili wenye mpangilio, yaani ule ambao kila mwombaji anaulizwa maswali yaleyale na majibu yanapewa alama kwa kigezo kilichowekwa kabla hajaingia chumbani. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walipiga upya hesabu hizo, wakasema kwamba namba nyingi za zamani zilikuwa zimekuzwa mno, lakini hata baada ya kuzipunguza, usaili wenye mpangilio ulibaki kileleni kwa 0.42. Yale mazungumzo yetu ya kawaida ya kumuuliza mtu ametoka kwa nani na anasali wapi yako chini sana.

Ningekuwa mimi, ningefanya hivi. Chukua mwezi mmoja uliopita, ambao wewe mwenyewe unaujua vizuri. Toa nakala za taarifa ya benki, miamala ya Lipa Namba, ripoti za kila siku za mashine ya EFD ya kutolea risiti na daftari lako la mauzo, ukiwa umeficha majina ya wateja. Kisha weka makosa mawili kwa makusudi. La kwanza liwe katika malipo ya benki: stakabadhi ya shilingi 740,000 iandikwe daftarini kama 470,000. Tofauti ni 270,000, na namba hiyo inagawanyika kwa 9 bila kubakiza kitu. Mtu aliyezoea hesabu akiona tofauti ya namna hiyo hushuku kwanza kwamba tarakimu mbili zimepishana, naye huanza kutafuta kosa la aina hiyo. Asiyezoea atapekua daftari ukurasa baada ya ukurasa mpaka jioni. La pili liwe katika fedha taslimu: fundi aliyechukua mabati kwa mali kauli aandikwe kana kwamba amelipa palepale. Kosa hili halipatikani kwa kikokotoo. Linapatikana kwa kuuliza, na ndilo ningelipa uzito zaidi, kwa sababu mwombaji atakayekuja kukuuliza huyu mteja ni nani na aliahidi kulipa lini ameshaanza kulinda duka lako kabla hujamwajiri. Atakayelazimisha hesabu zikubali bila kuuliza, hata kama ana GPA ya 5.0, atakuletea matatizo na TRA.

Wape wote wawili saa zilezile na makaratasi yaleyale, na uwarudishie nauli pamoja na chakula cha mchana. Mwombe mhasibu unayemwamini, asiye ndugu wa yeyote kati yao, asahihishe bila kujua karatasi ni ya nani. Usisahau swali dogo la ritani ya VAT inatakiwa ifike lini. Jibu ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na kwa kazi hii hapaswi kusitasita.

Kuhusu mtoto wa shangazi nitasema wazi, na mdogo wako anisamehe. Maneno ya kwamba vyeti ni karatasi tu mara nyingi husemwa na mtu ambaye tayari ana jina la kuweka mahali pa cheti. Ukiondoa alama bila kuweka kipimo kingine, kinachoingia ni kujuana. Mtoto wa mkulima wa Rombo asiye na mjomba mjini hana kitu kingine cha kumfungulia mlango wa ofisi isipokuwa ile karatasi, na kwa sababu hiyo pekee mimi siko pamoja na wanaozibeza. Kama mtoto wa shangazi anaitaka kazi, aandike barua, aje afanye jaribio pamoja na wenzake.

Hakikisha pia kwamba vyeti ni halali kabla ya kubishana juu ya alama zilizomo. Mwaka 2017 uhakiki wa serikali ulibaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na wengi wao walikuwa wamekaa kazini miaka mingi. Vyeti vya sekondari huhakikiwa na Baraza la Mitihani, na vya chuo huhakikiwa na chuo chenyewe. Aidha, mkataba wako uweke muda wa majaribio ulioandikwa, pamoja na mambo utakayoyapima mwezi baada ya mwezi.

Umeniuliza nimchague nani. Jaribio likiwapa alama zinazokaribiana, ningemchukua binti, kwa sababu ambayo haihusiani na vyeti: dukani kwako hakuna mhasibu mwingine. Uwezo wa kujifunza haraka alio nao kijana unahitaji mtu wa kumfundisha, na wewe umesema mwenyewe kwamba ritani zimekushinda. Kama ungekuwa na idara ya hesabu yenye watu watatu, ningemchukua kijana bila kusita.

SWALI: Nimehitimu shahada ya usimamizi wa biashara nikiwa na GPA ya 2.9. Kila tangazo ninaloliona hapa Arusha linataka “GPA isiyopungua 3.5”. Je, niifiche GPA yangu, au nikubali kwamba nimeshachelewa? – Mhitimu, Sakina

JIBU: Mwanangu, usidanganye alama, kwa sababu nakala ya matokeo yako itaombwa. Lakini hakuna sheria inayokulazimisha kuiandika GPA kwenye wasifu wako pale ambapo tangazo halikuitaja.

Elewa pia kwa nini kiwango hicho kimewekwa. Mwajiri mwenye barua mia nne mezani anatafuta njia ya kupunguza lundo, na 3.5, unakoanzia ufaulu wa daraja la pili la juu katika vyuo vyetu vingi, ni mstari ulio tayari na usio na gharama kwake. Mwanauchumi Michael Spence, aliyekuwa mmoja wa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001, alieleza katika makala yake ya mwaka 1973 kwamba cheti kinaweza kuwa na thamani sokoni kwa kuwa ni ishara ya uwezo tu, hata kama masomo yenyewe hayakumwongezea mtu ujuzi wa kazi. Mimi naona mstari huo unawanyima waajiri watu wazuri, lakini maoni yangu hayatakuita kwenye usaili.

Kwa hiyo nenda ambako lundo ni dogo. Wenye hoteli ndogo, kampuni changa za utalii na wauzaji wa jumla mara nyingi hawatangazi kwa GPA, na wengi wao watakubali uwaonyeshe kazi: mpangilio wa bei za msimu, hesabu ya gharama za safari ya siku tano, barua za kujibu wageni. Katika utumishi wa umma, ukikidhi sifa za tangazo kwenye Ajira Portal unaweza kuitwa kwenye usaili wa mchujo wa kuandika, kisha wa vitendo kwa baadhi ya kada, kisha wa mahojiano. Ukishaingia chumba cha mtihani, unapimwa kwa karatasi iliyo mbele yako, basi jiandae kwa hiyo. Na kumbuka ule utafiti niliomwelezea mama wa Moshi: baada ya miaka michache kazini, swali la GPA hupungua lenyewe. Unachohitaji sasa ni kuipata hiyo miaka ya mwanzo.

SWALI: Kijana wangu amepata daraja la tatu kidato cha nne. Amechaguliwa kidato cha tano, lakini yeye anataka kusomea upishi chuo cha VETA cha hoteli na utalii kilichopo Njiro. Ndugu wanasema nitakuwa nimempoteza. – Baba, Usa River

JIBU: Baba, yako milango ambayo bila alama haifunguki hata uwe hodari namna gani: udaktari, uuguzi, sheria, ualimu. Kama moyo wake uko huko, aende kidato cha tano. Upishi una milango mingine. Katika kambi ya Barafu kwenye Mlima Kilimanjaro, zaidi ya mita 4,600 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100 na maharage hugoma kuiva. Mwenye kampuni ya kupandisha wageni mlimani anamtaka mpishi anayejua la kufanya hapo, na atataka aonje chakula kabla ya kuuliza daraja. Njia ya kuendelea na masomo nayo haijafungwa, kwa maana mfumo wetu wa elimu ya ufundi unamruhusu mwenye kutimiza vigezo kupanda kutoka cheti hadi stashahada na kuendelea.

Kabla hujalipa ada, mpeleke mwenyewe kwenye hoteli mbili tatu za mjini Arusha, aombe kuonana na mpishi mkuu jikoni, amuulize alisomea wapi, alianza kwa mshahara gani, na angependa wasaidizi wake wapya wawe wanajua nini siku wanayoripoti.