Kabla Hujatangaza Spishi Mpya: Kwa Wanaoanza na Isopodi wa Bahari ya Kina

Mnyama kuwa mgeni kwako hakumfanyi kuwa mgeni kwa sayansi. Ningependa kila anayeanza kazi hii abandike maneno hayo juu ya meza yake, maana mwanafunzi akinijia na chupa mkononi, neno la kwanza huwa "nimepata spishi mpya", na nikimuuliza ameilinganisha na zipi, kimya. Kumpata isopodi wa kina kirefu ni kazi ya meli, winchi na wavuvi. Kazi yetu sisi ni kuonyesha kwamba huyu si yule, wala si yule mwingine, wala si mtoto au jike la yule wa tatu. Sehemu kubwa ya muda wako utaitumia kwa wanyama ambao si wako kabisa, walioelezwa na watu ambao wengi wao wameshafariki.

Isopodi ni gegereka, jamaa wa kaa na kamba. Yule mdogo wa kijivu anayejificha chini ya vyungu vya maua, na pengine kujiviringa akiguswa, ni mmoja wao. Wa kina kirefu aliyepata umaarufu ni Bathynomus. Jenasi hiyo ilianzishwa mwaka 1879 na Mfaransa Alphonse Milne-Edwards, kwa mnyama aliyevuliwa na meli ya Kimarekani Blake katika Ghuba ya Meksiko. Akamwita Bathynomus giganteus. Tangu hapo watafiti wameshika mikononi zaidi ya vielelezo elfu moja vya spishi hiyo, na hakuna aliyeshuku kwamba majini mle yupo mwingine anayefanana naye. Mwaka 2017 akanaswa mmoja kwenye mtego karibu na rasi ya Yucatan, kwenye kina cha mita 600 hadi 800, akaishia kwenye akwariamu ya Enoshima huko Japani. Mwaka 2022 ndipo ilipochapishwa kwamba ni spishi nyingine: Bathynomus yucatanensis.

Kilichowapoteza watu ni miiba. Kwenye Bathynomus, ukingo wa nyuma wa bamba la mkia una safu ya miiba, na kuihesabu ndiyo njia ya haraka ya kutambua spishi. Hawa wawili idadi yao ni ile ile. Tofauti ilikuwa kwenye mambo yasiyohesabika kirahisi: mwili mwembamba zaidi, miguu myembamba zaidi, vipapasio virefu zaidi, kisha vinasaba vikaunga mkono. Kwa hiyo ukiona ufunguo wa utambuzi, yaani ile orodha ya maswali ya kutambulia spishi, umekufikisha kwenye jina kwa sifa moja tu, usiliamini jina hilo bado. Na ukiona sifa moja tu imekutenga na jina, usiamini vilevile.

Lingine la kuondoa kichwani ni lile picha la jitu. Bathynomus ni wachache. Safari za ANDEEP, zilizofanywa na meli ya Kijerumani Polarstern katika Bahari ya Kusini kati ya mwaka 2002 na 2005, zilileta spishi 674 za isopodi, na 585 kati yake hazikuwahi kuelezwa. Karibu wote ni wa milimita chache. Ukiingia kwenye kazi hii, mnyama wako huenda akawa mdogo kuliko punje ya mchele, mweupe, bila macho, na miguu yake mingi imebaki kwenye tope. Familia ya Munnopsidae ina miguu mirefu mno ambayo hukatika wavu unapopanda juu; utasoma maelezo mengi ya spishi yanayokiri kwamba mguu wa tatu na wa nne haukuonekana. Si uzembe wa mwandishi. Ndivyo wanavyofika.

Sasa sampuli yenyewe. Wa kina kirefu wamezoea maji ya nyuzi chache tu juu ya sifuri, na wakifika juu ya sitaha yenye jua wanaanza kuharibika kabla hujamaliza kuvaa glavu. Weka barafu tayari kabla wavu haujapanda. Chujio, maji ya kuchujia na ethanoli viwe vya baridi. Tumia ethanoli ya asilimia 95 au zaidi, nyingi kuliko sampuli mara kadhaa, na ibadilishe kesho yake, kwa sababu maji ya mwilini na tope huizimua. Formalini iache kwa wenye shughuli nyingine, labda uwe na vielelezo vingi na unataka kimoja kwa ajili ya kuchunguza tishu. Inavuruga vinasaba na huwezi kurudi nyuma. Mnyama akiwa mkubwa kama Bathynomus, ethanoli haipenyi ganda upesi, basi kata kipande cha msuli kwanza, kiweke kwenye kichupa chake, ndipo umtumbukize mwenyewe. Na mpige picha akiwa bado na rangi yake. Ndani ya pombe rangi hupotea.

Mali bila daftari huisha bila habari. Kila chupa iwe na kikaratasi ndani, si nje peke yake, kilichoandikwa kwa penseli au wino usioyeyuka. Wino wa kalamu ya kawaida hutoka ndani ya ethanoli na kukuachia karatasi nyeupe na maji ya bluu. Kikaratasi kiseme namba ya kituo, latitudo na longitudo, kina, aina ya zana, tarehe na aliyekusanya. Nimeona vielelezo vizuri ajabu kwenye rafu za makumbusho ambavyo havitaelezwa kamwe kwa sababu aliyevileta aliandika "bahari" na mwaka.

Hapo ndipo soko la samaki linapokuwa na uzuri wake na ubaya wake. Bathynomus vaderi, aliyechapishwa Januari 2025, alipatikana kwa kununuliwa kutoka kwa wavuvi wa Quy Nhon nchini Vietnam mwaka 2022. Huko isopodi hawa siku hizi ni chakula cha anasa, na huyu hufikia sentimita 32 na uzito wa zaidi ya kilo moja. Alipewa jina hilo kwa kuwa kichwa chake kinakumbusha kofia ya Darth Vader, yule mwovu wa filamu za Star Wars. Ukinunua mnyama bandarini, mhoji mvuvi pale pale, kabla hujalipa na kabla hajaondoka: alitega wapi, pima ngapi, kwa zana gani. Akikueleza kwa majina ya miamba na nyota za kwao, andika vilevile alivyosema, kisha ndipo utafute ramani. Kwa pwani yetu ongeza jambo moja, kibali. Tanzania utaanzia COSTECH, Kenya NACOSTI, yaani tume za sayansi zinazotoa vibali vya utafiti. Kupata kibali baada ya kukusanya ni kazi ngumu, na majarida mazuri yatakiulizia.

Ukishakuwa na mnyama, msako wa jamaa zake unaanza. Pakua maelezo ya asili ya kila spishi ya jenasi hiyo, si yale ya karibuni tu. Mengi ya zamani yako kwenye maktaba ya mtandaoni ya Biodiversity Heritage Library bila malipo, kwa Kifaransa, Kijerumani au Kilatini, na hakuna mkato: itabidi uyasome. Kisha nenda kwenye WoRMS, hifadhidata ya majina ya viumbe wa baharini, uhakikishe ni majina gani bado yanakubalika na yapi yalishaunganishwa. Halafu zitafute holotipu, yaani kile kielelezo kimoja ambacho jina limefungwa kwake. Anayechunguza bahari yetu asishangae kujikuta akiandikia London na Berlin. Meli ya Kijerumani Valdivia ilipita Dar es Salaam mwaka 1899, na meli ya Kimisri Mabahiss ilivua kwenye maji ya Zanzibar katika msafara wa John Murray wa 1933 na 1934. Ilichovuna ya kwanza ukianzie Berlin, ilichovuna ya pili London. Si lazima upande ndege. Watunzaji wa mikusanyo ni watu wakarimu, ila usiwaombe "picha za holotipu". Waombe ukingo wa nyuma wa bamba la mkia kutoka chini, pamoja na kipimo. Ukiomba hivyo wanajua unajua unachotafuta, nao hujibu.

Kupasua. Isopodi ana jozi saba za miguu ya kutembelea, jozi tano za pleopodi, yaani viungo bapa chini ya tumbo, kisha uropodi, viungo vya mwisho kando ya mkia, na kinywani viungo vinne vilivyopangana kama kurasa. Desturi ni kutoa viungo vya upande mmoja tu na kuuacha wa pili mzima, ili atakayekuja baada yako miaka hamsini ijayo apate cha kuangalia. Mimi naanza na pleopodi na kumalizia na kinywa. Unamlaza chali ndani ya gliserini, sindano mbili nyembamba mkononi. Moja inashikilia ukingo wa kichwa, ya pili inaingia chini ya shina la maksilipedi, kile kiungo cha kinywa cha nje kabisa, na kuinyanyua taratibu mpaka usikie kama uzi umeachia. Ukivuta, itakatika katikati, na vinyweleo vya ncha ndivyo ulivyokuwa unavihitaji. Usipasue kielelezo chako pekee kabla hujafikiria mara mbili. Kama ni kimoja tu, mara nyingi ni afadhali kungoja safari nyingine.

Na kabla ya sindano, jua umemshika nani. Mtoto akitoka kwenye mfuko wa mayai wa mama yake hana jozi ya saba ya miguu, na wapo waliodhani wameona familia ya ajabu. Dume mkomavu hutambulika kwa kijiti kilichoota kwenye pleopodi ya pili. Kwenye familia ya Macrostylidae dume na jike hutofautiana sana, hasa vipapasio, hata kuwalinganisha kunahitaji vinasaba. Kuna pia jambo la kujivua ganda: isopodi hujivua nusu kwa nusu, kwanza nyuma, baadaye mbele. Ukimkuta katikati ya shughuli hiyo, nusu moja ni laini na imepanuka, nyingine bado ya zamani, na vipimo vyako vya urefu kwa upana vitakudanganya ukivichanganya na vya wengine.

Michoro ndiyo inayowatenga walio makini na wenye haraka, na hapo sina huruma. Picha peke yake haitoshi. Picha inaonyesha kila kitu kwa nguvu ile ile, mchoro unaonyesha ulichokiona na kukielewa. Chora kwa penseli kupitia kamera lusida, kifaa cha hadubini kinachokuonyesha mnyama na karatasi kwa pamoja, kisha upitishe kwenye kompyuta. Njia ya Oliver Coleman wa Berlin, aliyoichapisha mwaka 2003, bado ndiyo wengi wetu tunaitumia. Chora vinyweleo vilivyopo. Kilichokatika kichore kimekatika. Usikope kutoka upande wa pili bila kusema.

Vinasaba ni msaada mkubwa, lakini anayeanza huvipa uzito wa hakimu. Jeni ya COI, inayotumika sana kutambua spishi za wanyama, hukataa mara nyingi kwa isopodi wa kina ukitumia praima za kawaida, yaani vile vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia kunakili. Jaribu na jeni nyingine, 16S, sambamba. Ikikubali, fananisha matokeo na hifadhidata kabla ya kufurahi, kwani unaweza kuwa umesoma vinasaba vya alichokula.

Jina lisikuchukulie muda mrefu. Raksasa kwa Kiindonesia ni jitu, na Bathynomus raksasa, aliyevuliwa kusini mwa Java mwaka 2018 na kuchapishwa 2020, anatamkika na yeyote. Fuata kanuni za majina ya wanyama: tangu mwaka 2000 ni lazima utaje holotipu waziwazi na mahali ilipowekwa, na tangu 2012 kazi inayotoka mtandaoni tu ni lazima iandikishwe ZooBank, daftari rasmi la mtandaoni la majina ya wanyama, na andiko lenyewe lionyeshe hivyo. Kivumishi kikubaliane na jenasi kwa jinsia ya Kilatini. Usimpe mnyama jina lako mwenyewe. Usilitaje jina jipya kwenye bango la kongamano wala mitandaoni kabla halijachapishwa. Jina lililotajwa bila maelezo linabaki tupu, na linawasumbua wote.

Kuhusu muda, tazama hiyo miaka: raksasa miwili, vaderi karibu mitatu, na hao ni majitu waliokuwa mikononi mwa wataalamu. Wewe mwenye mnyama wa milimita mbili panga zaidi ya hapo, na mweleze msimamizi wako mapema, kabla hajakupangia spishi sita kwenye tasnifu ya uzamili.

Ukimaliza muswada, ujue wahakiki wa isopodi wa kina ni wachache na wanafahamiana. Waandikie kabla hujatuma, waonyeshe bamba moja la michoro, waulize wana mnyama kama huyo kwenye rafu. Mara nyingi wanaye, na hapo unapata kielelezo cha pili au mwandishi mwenza. Holotipu iache kwenye makumbusho ya nchi alikotoka mnyama kama ina mtu wa kubadilisha pombe, paratipu, yaani vile vielelezo vingine ulivyovitumia kueleza spishi, zigawe kwenye taasisi nyingine walau moja, na namba za usajili zipate kabla ya kutuma. Mhariri akizikosa atakurudishia kazi siku hiyo hiyo bila kuisoma.