Kichwa Maji wa darasa la nne

Juma hili mmeuliza: ni jina gani ulilobandikwa utotoni ambalo hukustahili, na ulilibandua vipi? Langu ni Kichwa Maji. Nilibandikwa hapa Kisumu mwaka 1994, darasa la nne, na mwalimu wa Kiingereza, wenzangu hamsini na kitu wakicheka. Kulibandua, nimelibandua nikiwa na miaka arobaini, mke na watoto watatu.

Mimi ni fundi wa stima, Kondele. Waya zina rangi, hazina herufi, kwa hiyo kazini hakuna aliyenishtukia. Mchoro wa nyumba nauchora mwenyewe kwenye katoni ya soketi. Risiti anaandika kijana wangu. Nambari ya mteja sitajiwi, namwambia anibipu. Ukinitajia 0712 nitaandika 0721. Niliwahi kumtumia elfu tatu mtu nisiyemjua, na nadhani zilimfaa huko aliko.

Lililonifichua ni mtihani wa gredi, ule wa kumpima fundi kiwango chake. Vitendo napita, nadharia naanguka, mara mbili mfululizo. Mkufunzi mmoja akanisomea maswali yale yale kwa mdomo, nikayajibu yote huku nakunywa chai. Akanitazama, kisha akaniambia niende kituo cha kupima watoto wenye mahitaji maalum. Watoto! Nilijivuta wiki tatu ndipo nikaenda. Nikakalishwa kwenye kiti cha chekechea, magoti yakakaribia kidevu, na mama aliyekuwa kwenye foleni akaniuliza wangu yuko wapi.

Mwalimu aliyenipima alinipa karatasi ya maneno ya kawaida, nikayapita polepole. Akanipa nyingine: bapuki, dobapi, pidoba. Maneno ya kubuni tu, hayana maana. Hapo jasho lilinitoka.

"Fundi," akasema, "wewe husomi. Unakumbuka."

Kumbe miaka yote nilikuwa nalitambua neno kwa sura yake, kama unavyomjua jirani kwa mwendo kabla hujauona uso. Neno geni halina mwendo ninaoujua. Kiswahili, kinachosomeka kama kinavyotamkwa, nilikimudu kwa kujikokota. Kiingereza na "though" na "through" zake ndicho kilichonizika. Hali hiyo inaitwa disleksia. Si macho, si uvivu, si upungufu wa akili. Ni ubongo kupata taabu kuoanisha herufi na sauti.

Nilidhani nitatoka pale nimetua mzigo. Nilitoka na hasira. Neno disleksia alilibuni daktari wa macho Mjerumani, Rudolf Berlin, mwaka 1887. Vituo vya upimaji vilianza Kenya mwaka 1984, mwaka niliozaliwa mimi. Basi piga hesabu: siku ile ninachapwa kwa kusoma "was" kuwa "saw", jina la shida yangu lilikuwa na umri wa miaka 107, na kituo cha kunipima kilikuwa na umri wangu. Mwalimu yule simlaumu sana, huenda naye hakuna aliyemwambia. Ila fimbo yake naikumbuka. Ilikuwa ya mpera.

Kabla sijaondoka, mwalimu wa kituo aliniuliza kama nyumbani kuna mwingine, maana jambo hili hutembea katika ukoo. Nikasema hakuna. Nilikuwa kwenye boda boda, karibu kufika nyumbani, nilipomkumbuka baba.

Baba mdogo alikuwa akifanya kazi Mombasa, na barua zake zilikuwa zangu kusoma. Nikikwama, kofi. "Shule nalipia nini?" Na barua yenyewe sikuwahi kumwona baba akiishika aisome. Akishaisikia, anaikunja na kuitia kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia ya Kimbo.

Baba alifariki 2011. Mkebe uko kwa mama, na juzi nilimwomba anitolee. Barua kumi na tisa, zote zimefunguliwa isipokuwa moja. Muhuri wa posta ni wa 1997, mwaka ambao nilipelekwa Siaya kukaa na nyanya. Nikaifungua mbele ya mama, nikaisoma kidole kikiwa chini ya mstari, na hakuna aliyeniharakisha. Baba mdogo alikuwa anauliza kama kuna ubaya amemtendea kaka yake, mbona siku hizi hajibiwi.