Mume wako ayaweke chini hayo mafuta ya taa

Jana dada mmoja wa Lamu kanitumia meseji, ati nyigu wamejenga kwenye banda lao la makuti wanapokaa jioni, watoto wawili washaumwa, na mumewe keshanunua mafuta ya taa. Nikampigia palepale.

Manake mimi nilifanya ujinga huohuo. Ni Ganda, huku Malindi, shambani kwa baba mkwe, kaskazi ya mwaka jana. Kiota chenyewe si kikubwa, kama kiganja tu, kinaning'inia kwa kikonyo chembamba chini ya pau. Mzee akaniambia mwanangu ngoja usiku. Mimi nani bwana, nikajitia mjuaji, saa nane mchana jua linawaka nikafunga kitambaa kwenye upembo, nikakilowesha mafuta, nikakiwasha.

Wallahi hata sijakifikisha, mmoja kanidunga juu ya jicho halafu huyohuyo kanirudia shingoni, maana nyigu si kama nyuki, mwiba wake haubaki mwilini mwako, anadunga anavyotaka. Upembo nikautupa na makuti yakashika moto. Wanawake ndio waliozima na ndoo za kisimani, mimi niko chini ya mwembe najipiga makofi, na shemeji yangu badala ya kushika ndoo anarekodi! Ile video iko kwenye grupu la familia mpaka leo, kila Idi lazima mtu airudishe. Sijamsamehe na najua anasoma hapa.

Usiku ule mzee kaja na shati la mikono mirefu, kilemba amekizungusha mpaka puani. Tochi akaiweka mbali kwenye ukingo wa kisima, asiishike, kwa sababu nyigu gizani huufuata mwanga. Kopo la maziwa ya unga lenye maji ya sabuni akalipandisha polepole kutoka chini mpaka kiota kikaingia chote, akapitisha kisu kwenye kikonyo, akafunika. Dakika mbili. Hakusema neno, na hilo ndilo liliniuma kuliko nyigu.

Basi vijana wenzangu, usiku, kopo, sabuni. Usiku jamani. Moto kwenye makuti hapana, na mawe hapana, na kama kiota kiko juu mwembeni huko hakimsumbui mtu kiacheni, wale wanakamata viwavi wa mboga zenu. Aliyeumwa muosheni kwa sabuni mumwekee barafu, lakini akianza kuvimba midomo au pumzi kubana msikae kumpaka vitunguu, hospitali saa hiyohiyo. Na mzee akisema ngoja, ngoja! Tunadhani simu zimetufundisha kila kitu.

Leo asubuhi dada kanijibu. Mume amekubali kuacha mafuta ya taa, ila kufanya usiku anasema hawezi, usiku ana mechi.